Bibi Aliyekataa Gari la Wagonjwa: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Bombo

Katika fomu ya gari letu la wagonjwa, kila safari hufungwa kwa alama katika kisanduku kimoja kati ya viwili: "amepelekwa" au "amekataa kupelekwa". Kisa ninachokichambua hapa kilipita katika visanduku hivyo mara tatu ndani ya wiki tano, na kila mara karatasi ilionekana imekamilika, imetiwa saini na kuwekwa kwenye faili, ilhali mgonjwa mwenyewe alikuwa palepale alipokuwa, pengine pabaya zaidi. Ninaandika nikiwa mmoja wa wahudumu wawili wa dharura tuliokwenda kwake mara zote tatu, kwa hiyo makosa nitakayoyataja ni yetu pia.

Mgonjwa ni mjane wa miaka 78, anayeishi Bombo, wilayani Luweero, yapata kilomita 35 kaskazini mwa Kampala kwenye barabara iendayo Gulu. Jina lake na mtaa wake nimeviacha, pamoja na majina ya kituo cha afya na duka la dawa yanayohusika. Majirani wote, Waganda na wasio Waganda, humwita Jaja. Sisi tulimwita Bibi, kwa sababu ndivyo alivyotutaka tumwite. Ni Mnubi, wa kizazi cha askari waliotoka Sudan na kuletwa huku na Lugard, ofisa Mwingereza, mnamo 1891, ambao wajukuu wao waliifanya Bombo kuwa mji wao. Nyumbani husema Kinubi, na nje ya nyumba husema Kiswahili alichokizoea kambini miaka yote ya utumishi wa marehemu mumewe. Kiganda anakisikia, lakini akiwa na haraka au hofu humpita. Jambo hili dogo litarudi mbele.

Anaishi na mjukuu wake wa kiume wa miaka 12. Hujipatia riziki kwa kusuka tabaga, yale makawa ya ukili wa rangi ambayo wanawake wa Kinubi hufunikia chakula, na kuyauza kwa watu wa harusi. Ruzuku ya wazee ya serikali, ambayo ni shilingi 25,000 kwa mwezi, haimfikii, kwa kuwa tangu mpango huo uenezwe nchi nzima unamtaka mzee awe ametimiza miaka 80, na kitambulisho chake cha taifa kinamnyima miaka miwili. Mwenyewe anashikilia kwamba aliyekiandika alikisia tu. Ana kisukari na presha, na magonjwa yote mawili amekuwa akiyatibu kwa vidonge kwa miaka kadhaa.

Simu tatu

Simu ya kwanza ilipigwa na jirani saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa Shaabani. Tulimkuta Bibi ameanguka kati ya mlango na choo, jasho limemlowesha, anajibu maneno yasiyoeleweka. Kipimo cha sukari kilisoma milimoli 2.3 kwa lita. Chini ya 4 kwa mgonjwa anayetumia dawa za kisukari tayari ni hatari. Mishipa yake ni myembamba na inakimbia sindano, lakini mwenzangu aliupata mmoja nyuma ya kiganja, tukampa dekstrosi, yaani sukari ya mshipani, na baada ya dakika kumi hivi alikuwa ameketi akituuliza sisi ni watoto wa nani. Tulimwomba twende kituoni. Alisema mbuzi wake hawajafunguliwa, mtoto hajaenda shule, na kwamba mtu aliyepona haendi hospitali. Tulimfanyia chai ya sukari, tukaweka alama "amekataa", tukaondoka tukiwa na furaha ya watu waliomwinua mgonjwa kwa mikono yao.

Hapo ndipo palipo na kosa la kwanza, na sitaki kulipamba. Sukari ikishuka kwa sababu mtu amechelewa kula, chakula huimaliza habari. Ikishushwa na kidonge cha jamii ya glibenklamidi, habari haijaisha, kwani dawa hiyo huendelea kuilazimisha kongosho kutoa insulini kwa saa nyingi, hata siku nzima, na kwa mzee ambaye figo zake zimepungua nguvu hujilimbikiza mwilini. Mgonjwa wa namna hiyo huamka, huzungumza, hucheka, kisha hushuka tena watu wakishaondoka. Anatakiwa kuangaliwa kwa saa 24 hivi. Tulilijua hilo darasani. Asubuhi ile hatukuuliza hata anameza dawa gani. Tuliuliza tu kama ana kisukari, akasema ndiyo.

Simu ya pili ilikuja katika wiki ya kwanza ya Ramadhani, saa kumi jioni. Mjukuu alikuwa ametoka shule akamkuta amelala juu ya mkeka, ukili mkononi, haamki. Kipimo: 2.1. Tulimpa dawa ya mshipani kama mara ya kwanza, na alipozinduka na kuelewa kilichotendeka, hakushukuru. Alitutazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Mmenilisha mchana wa Ramadhani." Mwenzangu, ambaye ni Mkristo, aliomba radhi bila kujua anaomba radhi ya nini hasa. Mimi nilijaribu kumweleza kwamba mgonjwa ana ruhusa, akaniuliza nimesomea chuo gani. Hakutaka kusikia habari ya gari. Fomu: "amekataa".

Siku mbili baadaye tuliitwa tena, saa ileile, kipimo kikiwa 1.9, na safari hii hatukungoja azinduke vya kutosha kubishana. Tulimpeleka kituoni, akalazwa, akapewa maji ya sukari usiku kucha, na asubuhi alipopimwa alikuwa na 7.4. Akaruhusiwa. Katika karatasi yake ya kutokea kuliandikwa, kwa Kiingereza, maneno ambayo kwa Kiswahili yangekuwa "aendelee na dawa zake za kawaida, aepuke kufunga". Fomu yetu ilisema "amepelekwa". Kwa hesabu za ofisi, hiyo ndiyo safari iliyofanikiwa kuliko zote tatu. Kwa kweli ndiyo iliyokuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu iliturudishia mgonjwa mikononi mwa kitu kilekile kilichokuwa kikimwangusha, sasa kikiwa na saini ya mtaalamu.

Sisemi hivi kuwalaumu waliomhudumia. Muuguzi mmoja alikuwa na wodi nzima usiku ule. Lakini aliposoma "dawa zake za kawaida", hakuwa na namna ya kujua dawa hizo ni zipi, na sisi tuliomleta hatukuwa tumemwambia, kwa kuwa nasi hatukujua. Bibi mwenyewe aliulizwa kwa Kiganda, asubuhi, kwenye foleni, akajibu kwa kichwa.

Kopo la majani ya chai

Tulirudi kwake Jumamosi, tukiwa hatuna king'ora wala gari. Gari lisingeweza kuacha kituo kwa ajili ya mtu ambaye hajaanguka, kwa hiyo tulipanda boda boda, mimi na mama mmoja wa timu ya afya ya kijiji, mtu anayejulikana katika kila nyumba ya mtaa ule. Nilichukua mashine ya presha, kipimo cha sukari chenye vipande vinne vya kupimia nilivyovinunua mwenyewe, na daftari. Tulikaa saa moja na dakika arobaini, ambayo ni mara tatu ya muda tuliotumia kwake katika safari yoyote ya dharura.

Nusu saa ya kwanza haikuwa ya kitabibu kabisa. Bibi aliendelea kusuka, nasi tukaulizia mbuzi. Wahudumu wa dharura tumefundishwa kuhesabu dakika, na kukaa bila kufanya kitu hutuwasha mwilini. Lakini yule mama wa kijiji alinikanyaga mguu mara mbili nilipotaka kufungua mkoba, na alikuwa na haki. Bibi ndiye aliyeanza mwenyewe. Aliuliza kwa nini miguu yake imekuwa mizito na kichwa kinamgonga kisogoni tangu mwezi uliopita, ilhali dawa ya presha anaimeza kila siku bila kukosa.

Nilimpima akiwa amelala: 172 juu ya 90. Nikampima akiwa amesimama, kwa sababu mzee anayeanguka lazima apimwe amesimama. Ikishuka kwa 20 au zaidi ile namba ya juu ndani ya dakika tatu, umepata moja ya sababu zake. Ilishuka kwa 8 tu. Kisha nikamwomba ainuke kitini, aende hatua za mita tatu, ageuke, arudi akae: sekunde 17, huku akijishika ukutani mara moja. Zaidi ya sekunde 12 ni dalili kwamba mtu yumo katika hatari ya kuanguka. Kwa hiyo miguu yake ilikuwa na shida, lakini si hiyo iliyomlaza juu ya mkeka. Swali lilibaki kwenye ile presha. Ikiwa dawa inamezwa kila siku, mbona presha iko kama ya mtu asiyemeza kitu?

Tukaomba kuona dawa. Mjukuu alileta kopo la majani ya chai lenye kutu kwenye mdomo. Ndani mlikuwa na bahasha tatu za karatasi za kituo cha afya, zile ndogo za rangi ya kahawia, na mfuko mmoja wa nailoni wa duka, usio na maandishi hata herufi. Bahasha ya kwanza ilikuwa na metfomini, dawa ya kisukari ya vidonge vikubwa, hiyo haina mkanganyiko. Ya pili iliandikwa "glib 1x1", yaani glibenklamidi, kidonge kimoja mara moja kwa siku, nusu ya maandishi ikiwa imefutika kwa jasho la vidole. Ya tatu, ya bendro, ambayo ndiyo dawa yake ya presha, ilikuwa tupu. Na ndani ya mfuko wa nailoni mlikuwa na vidonge vidogo vyeupe, ambavyo Bibi alivionyesha kwa kidole na kusema: "Hivi ndivyo vya presha."

Nilikimimina kidonge kimoja cha mfuko kiganjani, na kimoja cha bahasha ya pili kando yake. Vilikuwa vinafanana, mpaka mstari wa katikati. Mjukuu akaeleza bila kuulizwa mara mbili. Bendro ilikuwa imekwisha kituoni, Bibi akamtuma dukani na bahasha iwe kielelezo, na kwa kuwa bahasha zote mbili ni za rangi moja na zote mbili huwa na vidonge vidogo vyeupe, alichukua iliyokuwa juu. Mwenye duka alisoma "glib" akamuuzia glibenklamidi, kwa uaminifu kabisa. Bibi akaiweka mahali pa dawa ya presha. Kuanzia siku hiyo alikuwa anameza dawa ya kushusha sukari mara mbili na dawa ya presha hakuna hata moja. Simu ya kwanza kwetu ilikuja siku nane baadaye.

Ramadhani iliongeza juu ya hapo. Bibi alikuwa akila daku ya chai kavu na kipande cha muhogo, kwa kuwa posho, yaani ugali, humlemea usiku, na vidonge vyote alivimeza wakati huohuo ili mchana asiguse kitu. Ukiweka dozi mbili za dawa ile juu ya kikombe cha chai saa kumi usiku, saa kumi jioni si ajabu tena. Unaweza kuitabiri kama kengele ya shule.

Inafaa niseme hapa kuhusu lugha, ingawa huenda wenzangu wa tiba wakaona ninatoka nje ya mada. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Bahasha ya dawa haijapata habari hizo. Hutolewa kwa Kiingereza cha mkato, hufafanuliwa kwa Kiganda cha haraka, na huenda kukaa katika nyumba ya Kinubi na Kiswahili ambamo msomaji pekee ni mtoto wa darasa la sita. Yule mtoto hakukosea kusoma. Hakukuwa na chochote cha kusoma kilichosema "sukari" au "presha".

Kazi hii ni ya nani

Sikuwa na mamlaka ya kumwondolea Bibi dawa yoyote, na ni vizuri kwamba sikuwa nayo. Nilichoweza ni kumpigia simu tabibu wa zamu nikiwa palepale barazani, kumsomea kilichomo koponi na vipimo, na kumwomba uamuzi. Alisimamisha glibenklamidi yote siku ileile, akaagiza Bibi aletwe Jumatatu apimwe figo kabla ya kuamua metfomini iendelee kwa kiasi gani, na akaandika bendro mpya. Mfuko wa nailoni niliondoka nao. Bibi aliagana nao kwa shida, kwa sababu vidonge vile alivinunua kwa fedha ya tabaga mbili.

Kuhusu saumu, tulifanya lile ambalo tungelifanya siku ya pili kama tungekuwa na akili: tulimtafuta shehe wa msikiti anaoswali yeye. Alikuja baada ya Alasiri, akakaa mlangoni, akamkumbusha aya za Suratul Baqara zinazompa mgonjwa ruhusa, na kwamba mzee asiyetarajia kupona hulisha maskini mmoja kwa kila siku aliyoacha. Bibi akamjibu: "Maskini ndiye mimi, shehe. Nimlishe nani?" Shehe alicheka mpaka akavua kofia, kisha akamwambia kwamba Mungu haitwiki nafsi mzigo isioweza. Yale maneno niliyokuwa nimeyasema mimi siku ya pili hayakuwa na kosa. Yalikuwa tu yanatoka kwenye kinywa kisichohusika.

Dereva wetu, mtu mwenye busara, alinipinga vikali niliporudi. Hoja yake ni kwamba kuna timu za afya za kijiji tangu 2001, na kwamba mhudumu wa dharura akianza kuchungulia makopo ya wazee, siku moja mama mjamzito atavuja damu wakati yeye yuko barazani anasikiliza habari za mbuzi. Nusu ya hoja hiyo naikubali. Nusu nyingine inasahau kwamba timu hizo ni za watu wa kujitolea, na kwamba zilipoongezewa kazi ya kutibu nyumbani, mnamo 2010, kazi hiyo ilikuwa ya malaria, nimonia na kuhara kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Yule mama niliyekwenda naye anaweza kuhesabu pumzi za mtoto kwa usahihi kuliko mimi. Hana mashine ya presha, hana kipimo cha sukari, na hakuna aliyemfundisha kwamba mzee anayetokwa na jasho alfajiri si lazima awe na malaria. Mzee wa miaka 78 anaangukia katikati: ni mkubwa mno kwa mpango wa watoto, mdogo mno kwa ruzuku, na mzima mno, akishapewa sukari, kwa hospitali.

Mahali pengine pengo hili limezibwa na watu wa magari ya wagonjwa wenyewe. Katika visiwa vya Long na Brier, huko Nova Scotia nchini Kanada, wahudumu wa dharura waliowekwa kukesha kwa ajili ya watu wachache walikuwa na saa nyingi tupu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaanza kuzitumia kuwatembelea wazee majumbani, kupima presha na sukari, kukagua sakafu na dawa, wakisaidiwa na muuguzi bingwa na daktari aliyekuwa mbali. Hatufanani nao kwa mali wala kwa utulivu wa zamu. Tunafanana nao kwa jambo moja: sisi ndio tunaoingia ndani. Daktari humwona Bibi akiwa amevaa nguo ya kutokea, mezani, mikono mitupu. Sisi tumeliona kopo lake mara tatu, liko kwenye rafu juu ya mtungi, na mara tatu tulikuwa na haraka ya kutolitazama.

Ningekuwa na uwezo wa kubadilisha kitu kimoja tu katika utaratibu wetu, nisingeanza na ziara za kila mzee, kwa maana mafuta hayatoshi hata kwa dharura zenyewe. Ningeanza na wale waliokataa. Mzee aliyeitiwa gari, akapewa tiba, akabaki nyumbani, apigiwe simu kesho yake, na akirudia kukataa ndani ya mwezi, aende mtu kwake mchana akiwa na kipimo na muda. Ukweli ni kwamba kukataa kwa Bibi kulikuwa na sababu, na sababu zote zilikuwa zinasemeka: mbuzi, mtoto, saumu. Sisi tuliiandika kama tabia yake.

Majibu ya figo yalionyesha kwamba zimepungua nguvu kweli, ingawa si kwa kutisha. Metfomini imebaki kwa dozi ndogo. Tatizo la bahasha zinazofanana alilitatua Bibi mwenyewe, kabla sijafungua mdomo kupendekeza lebo. Alichagua kipande cha ukili mwekundu akakifunga kwenye bahasha ya presha, na cha kijani kwenye bahasha ya sukari, mafundo madogo magumu ambayo mtoto hawezi kuyafungua njiani. Akitumwa dukani sasa hubeba bahasha na ukili wake, pamoja na karatasi yenye jina la dawa na ugonjwa wake kwa Kiswahili, niliyoiandika kwa herufi kubwa. Katika wiki kumi zilizofuata Bibi alianguka mara moja, alipojikwaa kwenye kizingiti cha choo akiwa na kandambili. Sukari ilikuwa 8.1. Kizingiti hicho kimesawazishwa na fundi wa mtaani kwa malipo ya tabaga moja ya bluu.

Ziara ya nne niliifanya nikiwa zamu, gari likitoka kumshusha mgonjwa mwingine upande ule, hivyo nikalazimika kuijazia fomu. Presha 148 juu ya 82, sukari 8.4, hana malalamiko. Visanduku vyote viwili niliviacha wazi, na pembeni nikaandika "tumemtembelea". Siku ya tatu fomu ilirudishwa kutoka ofisini, ikiwa na duara la kalamu nyekundu kuzunguka visanduku na alama ya kuuliza.